Ukifika Dubai usile peke yako, tafuta meza ya Wafilipino

Kila wiki napokea maswali yale yale kutoka kwa vijana wanaopanga kwenda Dubai. Visa ni pesa ngapi? Mlinzi analipwa ngapi? Nibebe nguo gani? Juzi dada mmoja ameniuliza kama joto la huko linaharibu nywele. Hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza: nitakula wapi, na nitakula na nani?

Basi leo tuongee msosi. Na kabla hujasema mimi ni mtu wa tumbo, nipe dakika kumi.

Nilikaa Dubai miaka miwili nikiwa mlinzi kwenye jengo la maduka. Chuo kilikuwa kimenishinda mwaka wa pili, karo ilikosa, nikafanya vile wengi wetu hufanya: nikakopa nauli nikapanda ndege. Joto nilikuwa nimeambiwa. Kusimama saa kumi na mbili nilikuwa nimeambiwa. Kile hakuna mtu aliniambia ni kwamba nitakula chakula cha jioni nikiwa nimekaa kitandani, pazia limefungwa, simu mkononi, miezi minne mfululizo.

Ukiwa na mshahara wa chini kule, hupangi nyumba. Kuna wanaopewa chumba na kampuni na kuna wanaokodi kitanda, lakini picha ni ile ile: chumba kimoja, watu wanane, vitanda vya ghorofa, kila mtu ametundika pazia lake. Jikoni kuna foleni. Ukirudi saa nne usiku miguu imefura, huna nguvu ya kugombania jiko. Unachemsha maji, unamwagia tambi za pakiti, unapanda kitandani. Asubuhi ni mkate na karak, ile chai ya maziwa yenye iliki inayouzwa kila kona. Tumbo linajaa, hilo sikatai. Lakini siku moja unashtuka kwamba tangu asubuhi hujaongea na mtu yeyote, ukitoa kumwambia mteja choo kiko wapi.

Aliyeniokoa kutoka kwa ile hali ni fundi wa umeme wa jengo letu, jamaa kutoka Ufilipino. Wakati wa mapumziko mimi nilikuwa najificha kwenye ngazi za dharura na mkate wangu. Yeye naye alikuwa anakula hapo hapo, ngazi tatu chini, kutoka kwa kopo lenye wali na kuku wa rangi ya kahawia. Siku ya kwanza akainua kijiko akaniambia, "Kain tayo." Nikafikiri ananisalimia. Nikamwambia niko poa.

Kumbe "kain tayo" ni "tule". Mfilipino akiwa anakula na wewe upite karibu, lazima akualike, hata kama chakula ni kijiko kimoja. Wewe unaijua hiyo. Ni ile "karibu chakula" tunayosema nyumbani, na jibu letu la adabu ni kudanganya tumeshiba huku mate yakitudondoka. Nami nilidanganya siku mbili. Siku ya tatu nikashindwa, nikashuka zile ngazi tatu.

Nikamuuliza nani anampikia. Akaniambia, "Tita. Siku yako ya mapumziko nakupeleka."

Satwa

Ukitaka kuwapata Wafilipino Dubai kuna mitaa mitatu ya kukumbuka: Satwa, Karama na upande wa Deira karibu na Al Rigga. Satwa ndiyo niliyoizoea. Ni mtaa wa zamani wenye nyumba fupi, mafundi cherehani, mafundi wa viti vya magari, saluni, na maduka ya kutuma mizigo nyumbani. Ukiinua macho unaona yale maghorofa ya Sheikh Zayed Road yanayowekwa kwenye picha za matangazo. Ukishusha macho, unaona mtu anaanika shati dirishani. Nilijihisi niko Eastleigh.

Sasa, nikisema mkahawa wa Kifilipino simaanishi Jollibee. Hiyo ni kampuni kubwa, iko Dubai, na siku ukitaka kuku wa kukaanga na spageti yenye mchuzi mtamu, nenda, hutajuta. Mimi nazungumzia ule mkahawa mdogo wenye meza sita, plastiki juu ya meza, televisheni inayoonyesha tamthilia ambayo lazima kuna mtu analia, na chupa ya siki yenye pilipili na kitunguu saumu kila meza. Nyuma ya kaunta kuna mama anayeonekana amekasirika. Hajakasirika. Anahesabu sahani.

Mahali pa aina hiyo panaitwa turo-turo. "Turo" ni kuonyesha kwa kidole, kwa hivyo turo-turo ni kama kusema "onyesha-onyesha". Chakula kiko kwenye sinia nyuma ya kioo, hakuna menyu ya kukutisha, wewe unaonyesha hiki, hiki na kile. Ukiwa umezoea kibanda cha Nairobi ambako unachungulia sufuria kabla ya kukaa, wewe tayari ni mtaalamu.

Tulipoingia, yule fundi alimsalimia mama wa kaunta kwa heshima, akauchukua mkono wake akaugusisha kwenye paji la uso wake. Nikabaki nimesimama kama mlingoti. Hiyo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, shikamoo yao. Nikajaribu na mimi. Mama akacheka hadi akaweka chini kijiko cha kupakulia. Tangu siku hiyo sikuwahi kumwita jina lingine ila Tita, yaani anti. Mumewe ni Tito. Mvulana mkubwa anayepeleka oda ni Kuya, kaka. Msichana mkubwa ni Ate, dada. Huhitaji kujua jina la mtu kumheshimu, kama tu vile kwetu kila mama wa rika fulani ni mama fulani au shosho.

Tena ongeza neno "po" mwishoni mwa sentensi ukiongea na mkubwa. "Salamat po" ni asante yenye adabu. Neno dogo tu, lakini nimeona likiongeza kipande cha nyama kwenye sahani.

Wali ni ugali wao

Jambo la kwanza la kuelewa: pale chakula ni wali. Vingine vyote vinaitwa ulam, yaani kitoweo. Ukila tambi pekee, mtu atakuuliza utakula saa ngapi. Unamkumbuka mjomba anayekula chapati nne halafu anauliza ugali uko wapi? Ni huyo huyo.

Na hapa kuna kitu kilinifurahisha. Kizungu kina neno moja tu la mpunga, mchele na wali. Sisi tuna matatu. Wafilipino pia wana matatu: ukiwa shambani ni palay, ukiwa dukani ni bigas, ukiwa sahanini ni kanin. Siku nilimweleza Tita hivyo akamwita mumewe kutoka jikoni aje asikie. Kwa wiki nzima walikuwa wananijaribu: "Hii?" "Mchele." "Na hii?" "Wali." Mteja mwingine akafikiri naendesha darasa.

Unapewa kijiko na uma, kisu hakuna. Kijiko mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto, na uma kazi yake ni kusukuma chakula kiingie kwenye kijiko. Nyama imepikwa hadi inakatika kwa ubavu wa kijiko. Ukipenda kula kwa mkono, pia ni sawa. Kula kwa mkono wana jina lake, kamayan, na kwao ni sherehe.

Utaagiza nini?

Nikupe orodha ya Mkenya kwa Mkenya.

Anza na munggo. Nakuomba uketi kabla sijakwambia: ni ndengu. Ndengu zile zile! Wanazichemsha hadi zinavurugika, wanakaanga kitunguu saumu, kitunguu na nyanya, wanatia mboga ya majani na dagaa au kamba kidogo. Kwao hupikwa sana Ijumaa, desturi iliyotokana na Wakatoliki kuacha nyama siku hiyo wakati wa Kwaresima. Nilipoiona ile sinia mara ya kwanza sikuonyesha kidole, nilionyesha mkono mzima. Nyumbani nilikuwa nimechoka ndengu tangu bweni la shule. Pale Satwa karibu zinitoe machozi, na siwezi kusingizia pilipili.

Ukitoka hapo, jaribu sinigang. Ni supu ya samaki, kamba au nyama iliyochachushwa kwa ukwaju. Watu wa Mombasa hawatashangaa. Watu wa bara, ile dakika ya kwanza mtakunja uso, ya pili mtaomba nyongeza. Siku una homa na huna wa kukuchemshia uji, hii ndiyo dawa.

Kare-kare ni mkia na matumbo ya ng'ombe kwenye mchuzi mzito wa njugu karanga. Inaletwa na kijiko cha bagoong pembeni, kamba waliochachushwa kwa chumvi. Bagoong ina harufu yake. Usiseme kitu, usizibe pua, chovya kidogo tu. Kumbuka na sisi tuna omena.

Kuna vyakula vya ginataan, yaani vya tui la nazi. Malenge kwa nazi, samaki kwa nazi, hata kuku. Hapa mtoto wa Lamu na mtoto wa Manila wanaweza kula sahani moja bila mkalimani.

Adobo ndiyo ile kuku ya rangi ya kahawia niliyoionja ngazini. Ni nyama iliyopikwa polepole kwa siki, mchuzi wa soya, kitunguu saumu, pilipili manga na jani la bei. Jina ni la Kihispania kwa sababu Wahispania waliwatawala kwa zaidi ya miaka 300, hadi 1898, lakini kupika kwa siki ili chakula kisiharibike kwenye joto kulikuwepo kabla yao. Kwa mfanyakazi hii ndiyo akili: adobo ya leo kesho ni tamu zaidi, na inabebeka kwenye kopo. Tambi zao ziitwazo pancit na zile lumpia za kukaanga, binamu za sambusa, asili yake ni Wachina waliofika kufanya biashara. Ukifikiria pilau yetu na chapati yetu zilivyotufikia, utaona tumesoma shule moja.

Sisig kwao asili yake ni kichwa cha nguruwe kilichokatwakatwa, kikaletwa mezani kwenye chuma cha moto kinacholia. Dubai mkahawa hauwezi kuuza nguruwe bila kibali maalum, kwa hivyo kwenye mikahawa midogo mara nyingi utapata sisig ya kuku au ya ng'ombe. Kama wewe ni Mwislamu, uliza tu bila kuona haya. Wameshazoea kuulizwa.

Mwisho ni halo-halo, yaani "changanya-changanya". Barafu iliyosagwa, maziwa, nazi, kiazi kikuu cha rangi ya zambarau kinachoitwa ube, na maharagwe. Ndiyo, maharagwe kwenye kitu kitamu cha barafu. Nilimtazama Tita nikidhani ananichezea. Mwezi wa Agosti, nje joto la nyuzi zaidi ya 40, nilikula bakuli mbili.

Bei? Wakati wangu wali na vitoweo viwili ulikuwa kama dirham 14, karibu shilingi 500. Ukilinganisha na Nairobi ni ghali. Ukilinganisha na maduka makubwa ya Dubai ni zawadi. Nilijiwekea sheria ya mara moja kwa wiki, na hiyo mara moja ndiyo ilinisaidia kuvumilia siku zile sita zingine.

Mtoto na kitabu cha hesabu

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa narudi hata siku sina njaa sana.

Kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na msichana wa miaka tisa hivi akifanya kazi ya shule. Ni mtoto wa Tita. Kila siku meza ile ilikuwa yake: penseli, kifutio, kitabu cha hesabu, sahani ya turon, zile ndizi za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi ya unga. Na kila mwanamume aliyeingia pale, fundi, dereva, mpishi wa hoteli, lazima angepita kwenye ile meza, aulize hesabu ya leo ni ngumu kiasi gani. Wengine walikuwa wanakaa kumsaidia, chakula kinapoa.

Mwanzoni nilifikiri ni utani. Baadaye yule fundi akanieleza. Ana binti wa umri huo kule Iloilo. Alimwacha akiwa na miezi minane.

Unajua sheria inasemaje? Ili mfanyakazi aruhusiwe kuleta mke na watoto wake kuishi naye Falme za Kiarabu, lazima awe anapata angalau dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 na nyumba ya kampuni. Wengi wa waliokuwa wakila pale hawakufika hapo. Mimi sikuwa hata karibu. Kwa hivyo kumwona mtoto akigombezwa na mama yake kwa sababu ya mwandiko mbaya, hilo ni jambo ambalo unaweza kukaa mwaka mzima Dubai bila kulishuhudia. Watu walikuwa wanalipa dirham 14 za wali na kuku, na kuona nyumba yenye watu ndani ilikuwa bure.

Wafilipino wako mbele yetu kwa hii safari. Serikali yao iliweka sheria ya kupeleka wafanyakazi ng'ambo mwaka 1974, na mwishoni mwa 2021 wakapitisha sheria ya kuunda wizara nzima ya wafanyakazi walio nje. Kuna vijana pale Satwa ambao mama zao pia walifanya kazi Ghuba. Wamekuwa na muda wa kujifunza kwamba pesa unaweza kutuma nyumbani, lakini wewe mwenyewe bado unahitaji mahali pa kuulizwa umekula. Sisi ndio kwanza tunajaza ndege.

Deni langu

Hii sehemu sikutaka kuiandika.

Mwaka wa pili mshahara wetu ulichelewa. Mwezi mmoja, halafu wa pili. Tita alikuwa na daftari dogo chini ya kaunta la wateja wa kukopa. Akaniandika bila hata kunitazama: leo 14, leo 9, leo 20 kwa sababu nilimleta Mkenya mwenzangu aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Ilipofika dirham 87, nikaacha kwenda.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona haya. Nilibadilisha hata njia ya kwenda kituo cha basi ili nisipite mbele ya ule mlango. Nikarudi kwa kitanda changu, pazia, tambi za pakiti. Yule fundi akawa ananiuliza mbona siji, nami nikamwambia niko na zamu nyingi. Hata mshahara ulipoingia, wiki ya kwanza sikuenda. Nilituma nyumbani, nikalipa madeni mengine, nikajiambia dirham 87 si kitu kwake, ameshasahau.

Hebu fikiria uongo huo. Mtu aliyekulisha ukiwa huna, unajipa moyo kwamba amekusahau.

Nilienda jioni moja baada ya saa tatu, nikitarajia kumkuta Kuya pekee kwenye kaunta. Alikuwepo Tita mwenyewe. Akanitazama, akaweka kitambaa chini, na swali lake la kwanza likawa, "Kumain ka na ba?" Umekula?

Nikatoa noti ya 100. Usifikiri alikataa pesa, hii si filamu. Alitoa daftari, akatafuta ukurasa, akajumlisha upya kwa kalamu, akanirudishia dirham 13, akapiga mstari juu ya jina langu. Alikuwa na kodi ya kulipa na leseni ya kulipia. Kisha ndipo akanifokea. Miezi miwili! Kwamba alimuuliza kila Mkenya aliyepita pale. Kwamba alifikiri nimekufa au nimerudishwa kwetu. Kwamba binti yake alikuwa na mtihani wa hesabu na aliniulizia. Ameniandika kwenye daftari ili nirudi, si ili nipotee!

Wana msemo wao, utang na loob. Kwa neno kwa neno ni deni la ndani. Si lile la daftari. Ni lile la mtu aliyekutendea wema na huwezi kulilipa kwa noti, unalilipa kwa kubaki karibu na kuwatendea wengine. Sisi tungesema fadhila. Mimi nilikuwa nimekimbia deni la dirham 87, na kwa kukimbia nikawa nimeongeza lile lingine.

Nikala. Ilikuwa Jumanne lakini kulikuwa na munggo iliyobaki.

Ugali bila chumvi

Kabla sijarudi Kenya, Wakenya watano tuliomba jikoni mwa Tita tupike sisi. Unga tuliupata Deira. Tukasonga ugali, yeye amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni. Akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Chumvi iko wapi?"

"Haina chumvi, Tita."

"Mmesahau?"

Tulimweleza kwamba hatukusahau. Hakuamini. Lakini tulipomwonyesha kufinyanga tonge na kuchovya kwenye mchuzi wa adobo, akanyamaza, akachovya tena. Tito alimaliza wake akauliza kama kuna mwingine. Walitandika majani ya migomba katikati ya meza mbili zilizounganishwa, wali upande huu, ugali upande ule, samaki, kamba na nyama katikati, na watu kumi na moja wakala kwa mikono. Sisi tulikuwa na faida, tumefanya mazoezi maisha yote.

Ukienda, fanya hivi

Nenda wakati wa chakula cha mchana kukiwa bado kunaanza kujaa, sinia ziko fresh. Usikalie meza saa tatu na chai moja watu wakiwa wamesimama. Usipige watu picha bila ruhusa, kwa sababu adabu inakataza na sheria ya kule haina mchezo na jambo hilo. Jifunze maneno matatu: kain tayo, salamat po, na busog na ako, yaani nimeshiba. Hilo la mwisho litumie mapema, maana Tita haamini mtu ameshiba mara ya kwanza. Ukienda Septemba usishangae kusikia nyimbo za Krismasi, wao huanza mwezi huo.

Ukikopa, lipa. Ukichelewa kulipa, nenda ukaseme umechelewa.

Pia siku mifuko imetulia, mpeleke mtu. Unamjua. Yule Mkenya mgeni aliyefika juzi, anayesema yuko sawa, anayekula mkate kwenye ngazi za dharura akijifanya anaangalia simu. Usimuulize kama ana njaa, atakudanganya kwamba ameshiba. Mwambie tule. Akikataa, rudi kesho umwambie tena.

Mimi ilichukua siku tatu.